Adui Mwombee Njaa

Muhanna kahamia Duqm, kazi ya bandarini,
kaniachia tangi lake sebuleni, Mabela:
lita mia tatu za bahari isiyo na pwani,
na karatasi kwenye friji, chumvi kiasi gani,
taa iwashwe saa ngapi, na chini, kwa wino mwekundu:
"Bibi, kiyoyozi kisizimwe hata ukienda Umra."

Wiki ya tatu likachomoza ua.
Kahawia, jembamba, kama moshi ulioganda,
juu ya jiwe, ubavuni mwa tumbawe la kijani.
Nikafurahi. Nikalipiga picha.
Jumatatu yalikuwa manne. Ijumaa sikuhesabu.
Tumbawe limejikunja
kama mtoto anayesikia wazazi wakigombana.
Ua, na kazi yake kuua: Kiswahili kilishaniambia,
mimi ndiye sikusikiliza.

Miaka thelathini na moja nimechoma watu sindano,
hospitali ya Khoula, wodi ya mifupa.
Mkono hautetemeki.
Nikavuta maji ya ndimu kwenye bomba,
nikalenga mdomoni, bismillahi, nikasukuma.
Likanywea. Nikasema khalas.
Kumbe kila kipande kilichobaki kilikuwa mbegu.
Nilichoma moja, nikaamka na saba.

Shibu wa duka la samaki, Al-Khoudh,
Mmalayali mwenye Kiarabu cha kuokoteza,
hakunicheka. "Dawa haina macho, Mama.
Itaua na unachokipenda."
Akanipa chupa iliyoviringwa gazeti,
ndani yake koa watano,
wembamba kushinda punje ya mchele wa basmati,
mgongoni manyoya kama ya kuku aliyelowa.
"Hawali kitu kingine. Hawakijui kitu kingine."
Riali kumi na tano. Nilimwombea Mungu amsamehe.

Mchana hawaonekani.
Agosti, nje joto arubaini na sita,
nani aonekane mchana?
Nikawa naamka kabla ya adhana,
tochi nimeifunga mfuko mwekundu wa nailoni,
napiga magoti mbele ya kioo kabla ya kwenye msala.
Mmoja kalisogelea ua taratibu, kama mkwe mgeni,
kaligusa, kajivuta nyuma,
kisha karudi, mdomo wazi.
Sumu haikumdhuru. Aliimeza ikiwa nzima,
akaipandisha mgongoni, akaivaa.
Nimewajua watu wa namna hiyo.
Mmoja nilizaa naye.

Mwezi wa pili, uzi mweupe wa mayai kioo kizima,
umezungushwa kama tambi za Idi.
Mwezi wa nne jiwe limetakata,
tumbawe limefumbua vidole.
Nikamtumia mjukuu picha. Nikafukiza udi.

Ndipo nikawaona, mchana kweupe,
koa ishirini wanatambaa kwenye kioo,
wamesinyaa, wanapita juu ya chakula wasichokijua.
Adui mwombee njaa, nilifundishwa utotoni.
Sikuambiwa njaa ikishaitwa
itabisha hodi mlango wa nani.

Kumi na wanane niliwatia kwenye chupa ya achari,
wakaenda Al-Hail kwa kijana wa Kibulushi
aliyekuwa karibu kulia kwenye simu
kwa ajili ya matumbawe yake.
Wawili walijificha.

"Bibi, yamekwisha?"
Muhanna anauliza kila Ijumaa.
Yamekwisha, mwanangu.

Nyuma ya pampu, pale taa isipofika,
lipo moja. Silichomi.
Jana nimelitilia kipande cha uduvi,
nikatazama huku na huku kama mwizi,
nikaenda kuosha mikono.